Unajenga gari la mbio la zamani nyumbani? Injini iwe ya mwisho

Karibu kila mtaa wa Mbeya una gari la zamani lililo juu ya mawe. Pita Soweto, Ilemi, Isyesye mpaka Uyole utayaona: Datsun, Land Rover 109, Peugeot 504, turubai limechakaa juu yake na majani yamepita katikati ya rimu. Mengi hayakuuawa na ubovu. Yalifunguliwa yote kwa mpigo na mtu mwenye nia njema. Injini ikaenda kwa fundi, viti vikaingia stoo, boliti zote zikamwagwa kwenye ndoo moja, kisha hela ikakata. Mimi 504 yangu nimeijenga uani, chini ya banda la mabati, huku nikienda kazini kama kawaida, na ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii ni mpangilio. Gari libaki linatembea wakati unalijenga. Fungua kitu kimoja, kimalize, kirudishe, ndipo uguse kingine. Injini iwe ya mwisho.

Ninazungumzia gari la kawaida la kiwandani, lile lile lililowahi kumpeleka mtu ofisini, likakazwa na kuimarishwa mpaka likafaa kwa mbio. Marekani walijenga mchezo mzima juu ya wazo hilo. NASCAR, chama cha mbio za magari cha huko, ilipoendesha mbio zake za kwanza za magari yasiyobadilishwa, Charlotte, tarehe 19 Juni 1949, aliyefika wa kwanza alinyang'anywa ushindi kwa sababu springi za nyuma za Ford aliyoiendesha ziliongezwa nguvu; gari lenyewe lilikuwa la kusafirishia pombe haramu. Ushindi akapewa Jim Roper na Lincoln yake. Huku kwetu tulikuwa na Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili. Shekhar Mehta naye akachukua mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun. Barabara zile zilimaliza magari yenye kasi zaidi. Yaliyofika mwisho ni yale yaliyovumilia, na hilo ndilo unalotakiwa kulijenga uani kwako.

Kabla ya spana, kadi. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari na ile iliyogongwa kwenye bati chini ya boneti, kisha namba ya injini. Zisipolingana, muuzaji amalizane na TRA kwanza, wewe ukiwa bado umeshika hela yako. Gari la miaka hiyo limepita mikono mingi, na ukishalibadilisha rangi na injini, kulifuatilia inakuwa kazi kubwa kuliko kulijenga.

Sasa bodi. 504 haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover; bati la sakafu na lile la chini ya milango ndiyo mifupa yake. Kwa hiyo kutu pale siyo suala la urembo. Chukua sumaku ndogo uipitishe taratibu pembeni kote, chini ya milango, na pale shokapu za mbele zinapopandia juu. Inapokataa kushika, kuna puti nene, ule udongo wa kuzibia mabonde kwenye bodi, na chini ya puti nene kuna shimo. Kata mpaka ukute chuma kinachong'aa, kisha chomelea bati jipya. Kukandika puti juu ya kutu ni kuifunika iendelee kula kimyakimya, na mvua za kwetu, kuanzia Novemba mpaka Aprili, zinaipa muda wa kutosha. Kabla ya kuchomelea, toa tangi la mafuta lote uliweke mbali na banda, na uwe na ndoo za mchanga karibu. Halafu wapo wanaopulizia oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Kutu inapungua kweli, lakini bushi za raba zinavimba na kulainika, na gari linaanza kuyumba barabarani. Tumia rangi nzito ya chini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Nisisitize usalama hapa, kwa sababu nyumbani hakuna msimamizi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usilikalishe juu ya matofali ya kuchoma. Tofali huwa zima, halafu linapasuka ghafla bila kukupa onyo. Mwambie mchomeleaji akutengenezee stendi nne za chuma, au tafuta vipande vinene vya mlingoti uvipange kwa kupishana. Ukishaliweka, litikise kwa nguvu ukiwa nje ndipo uingie.

Kwa wanaotaka kizimba cha mabomba ndani, cha kumkinga dereva gari likipinduka: bomba la maji halifai. Ni laini kwa kazi hiyo, na likiwa la mabati, zinki yake ikiungua inatoa moshi unaokutia homa na kifua usiku huo huo. Nunua bomba la chuma lisilo na mshono. Kila mguu wa kizimba uukalishe juu ya kipande cha bati nene chenye ukubwa wa sahani, kilichochomelewa pande zote, ili siku gari likipinduka mguu usitoboe sakafu.

Breki zifuate mara baada ya bodi. Anayeendesha Mbeya anaujua mteremko wa Iwambi na ule wa Inyala. Huko nguvu ya injini haikusaidii kitu. Badilisha mipira yote ya breki hata kama kwa nje inaonekana mizuri. Mpira wa zamani unavimba kwa ndani: mafuta yanapita ukikanyaga, lakini yanachelewa kurudi, na breki inabaki imeshika. Mafuta ya breki nayo yanafyonza unyevu wa hewa miaka yote hiyo, na yenye maji yanachemka mapema ukiwa katikati ya mteremko, pedeli ikazama mpaka chini. Mwaga yote, weka mapya, toa upepo ukianza na tairi lililo mbali zaidi na pampu kubwa ya breki.

Hapo gari linatembea, linasimama, na halivuji mvua. Ndipo uende kwenye injini, na kwetu nyanda za juu jambo la kwanza ni joto lake. Ukimpelekea fundi 504 atakwambia, "Bosi, themostati toa tu, gari za huku hazihitaji." Mjibu kwa upole kwamba aibakize; ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai sote tunazijua. Injini isiyo na themostati haipati joto lake; petroli isiyoungua inashuka ukutani mwa silinda na kuichakaza oili. Tena feni ya 504 ilitengenezwa ijiunge kwa sumaku ya umeme pale tu maji yanapopata moto, na mafundi wengi wameifunga moja kwa moja izunguke muda wote. Ukirudisha themostati na ukairudisha feni kwenye utaratibu wake, utaona mabadiliko hata kwenye ulaji wa mafuta.

Kuna upande wa pili. Kwenye mwinuko huu maji yanachemka yakiwa na nyuzi kama 94 tu, siyo 100. Kinachoyazuia ni mgandamizo, na mgandamizo unashikiliwa na kofia ya rejeta. Kofia iliyolegea inaweza kuvumilika kidogo Dar es Salaam, lakini hapa inakuchemshia gari ukipanda mlima wa kwanza. Nunua mpya, jaza kulanti badala ya maji matupu ya bomba, kwa sababu silinda hedi ni ya aluminiamu na maji matupu yanaila.

Ukifungua hedi, simama juu ya fundi wako kabisa. Slivu za injini hii, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikushikana na bloku. Zimesimama ndani ya maji, zimekalia sili nyembamba kule chini, na kinachozibana ni hedi yenyewe. Mtu akizungusha krankshafti, mhimili unaosukuma pistoni, hedi ikiwa nje, pistoni inainua slivu kidogo tu, sili inahama, na huwezi kuona lolote kwa macho. Gari litafungwa, litawaka vizuri, na baada ya muda utachomoa dipstiki ukute oili ina rangi ya chai ya maziwa. Dawa ni rahisi: kabla ya kuzungusha chochote, bana kila slivu kwa boliti na washa pana zilizokalia ukingo wake.

Kabureta nayo irekebishwe hapa hapa tutakapoliendesha. Hewa ya Mbeya ina mgandamizo kama wa robo tatu na ushei ya ule wa pwani, kwa hiyo gari lililotoka Dar linakuja na jeti, vile vitundu vya petroli ndani ya kabureta, zinazomwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Liendeshe lipate moto, zima, chomoa plagi. Masizi meusi makavu maana yake punguza jeti. Rangi ya kahawia hafifu maana yake umefika. Usitegemee fundi aliyeshika bisibisi na kusikiliza mlio tu, hata awe mzoefu kiasi gani. Plagi ndiyo inayosema.

Rangi, viti na namba za mbio ubavuni nitaviacha, kila mtu ana macho yake. Ila vifanye baada ya kuliendesha, maana kuna mahali utalazimika kukata tena.

Siku za mwanzo zunguka mjini tu, ukiwa na spana, maji, mpira wa feni na plagi za akiba. Kisha liache lipoe usiku kucha na ukaze tena boliti za hedi kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Baada ya hapo lipandishe kutoka Uyole mpaka Isyonje bila haraka, ukiangalia geji ya joto. Ukifika juu simama, usogeze mkono karibu na rimu zote nne kabla hujaigusa yoyote. Mlima mzima umepanda karibu bila kukanyaga breki, kwa hiyo zote zinatakiwa ziwe karibu sawa. Iliyo na moto kuliko wenzake, breki yake inashika. Acha ipoe, rudi nayo polepole kwa gia nzito, na ufungue tairi hilo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.