Kuta za Mawe Hazina Kosa: Vuta Waya, Mtandao Ufike Hadi Paani

Msomaji mmoja wa Malindi, mwalimu anayefundisha hesabu kwa njia ya video, ameniandikia hivi: "Dada, tumepandisha kifurushi na bado chumbani kwangu picha inaganda. Mume wangu anasema tuhame. Nifanye nini?" Nilipofika kwenye neno "tuhame" moyo ulinipiga. Neno hilo hilo niliambiwa mimi, ndani ya nyumba aliyotuachia nyanya yangu hapa Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, na mtu niliyemlipa ili anisaidie.

Basi nitamjibu hapa, kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma mna hamu ile ile niliyo nayo mimi: kufanya kazi na ulimwengu mzima bila kufunga mlango wa nyumba ya wazee na kwenda kupanga chumba Mombasa au Nairobi.

Nyumba yetu ni ya kale, ghorofa mbili na paa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni za boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba, kwa hivyo vyumba ni vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya chengine: watoka kiwandani, yaani uani, waingia msana wa tini, ndio ukumbi wa kwanza, wapita msana wa yuu, ukumbi wa pili, ndipo ufike ndani. Kila hatua ni ukuta mwengine, na ukuta wa nusu mita si jambo la ajabu katika nyumba hizi. Wazee walijenga hivyo ili joto lisiingie. Wimbi la Wi-Fi nalo haliingii.

Fundi aliyetuletea intaneti alipitisha waya mlangoni, akaifunga ruta chumba cha wageni kilicho karibu na daka, ile baraza ya mlangoni, akajaribu simu yake pale pale, akaniambia, "Mama, kila kitu sawa," akaenda zake. Kazi yangu mimi ni kuweka mahesabu ya biashara za watu, na chumba changu cha kazi kiko ghorofa ya juu, upande wa nyuma. Huko hakukufika kitu. Nyumba nzima ilikuwa ni kuitana: "Ndoo huku, huku yashika!" Watoto na vitabu vyao walikaa kwenye ngazi. Wageni walikaa dakani na kompyuta mapajani, watu wakiwapita njiani.

Nikamwita fundi tena. Akasema niongeze kifurushi. Nikaongeza. Akaja kusema nyumba za mawe hazina mtandao, nihamie nyumba za matofali. Mwisho akaniuzia ekstenda, vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi, na kila kimoja akakichomeka kwenye chumba ambacho mtandao ulikuwa umekufa tayari. Wakati huo nilikuwa na mteja wa Nairobi niliyemfanyia kazi kwa muda mrefu bila kosa hata la shilingi moja. Mkutano ulipokatika tena akaniandikia kwa upole kwamba labda kazi hii yataka mtu aliye mjini. Mjini! Lamu ilikuwa mji karne kadhaa kabla reli haijafika Nairobi mwaka wa 1899. Yule mteja hakurudi, na sijasahau.

Hasira ile ndiyo iliyonifanya nijifunze jambo hili mwenyewe mpaka nikalielewa. La kwanza, ambalo fundi hakunieleza, ni kwamba kasi unayoinunua na nguvu ya mawimbi ndani ya nyumba ni vitu viwili mbali mbali. Simama kando ya ruta, pima kasi. Kisha nenda chumbani, pima tena. Ikiwa kando ya ruta unapata unacholipia, na chumbani hupati, kifurushi hakina kosa, na hata ukinunua kikubwa kuliko vyote utakuwa unaimwaga pesa yako dakani. Mkutano wa video wa mtu mmoja hauhitaji hata Mbps 5, yaani megabiti tano kwa sekunde. Nyumba nyingi zinazolalamika zina kasi ya kutosha, ila kasi hiyo imekwama kwenye chumba kimoja.

La pili ni kupima nguvu yenyewe. Ziko programu za bure za simu za Android zinazoonyesha nguvu ya Wi-Fi kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kwenye -50 uko vizuri sana. -67 au hapo karibu mazungumzo ya video yanakwenda. Ukifika -80 usijisumbue. Tembea chumba hadi chumba, andika kila namba. Kwetu chumba cha wageni kilikuwa bora kabisa, msana wa tini ukastahimili, na baada ya hapo kila ukuta ulikula sehemu yake hadi chumbani kwangu hakukubaki kitu. Nilipoiona karatasi ile nilijua kwamba nilikuwa nimeuziwa maneno.

Wimbi la ruta ni kama mwanga wa taa. Taa ukiiweka dakani, chumba cha ndani hakitaangaza hata uongeze utambi, kwa sababu mwanga haupenyi jiwe. Ekstenda nayo yapokea kilichofika na kukirudisha. Kama kilichofika ni hafifu, itarudisha hafifu. Na zile za bei nafuu hupokea na kutuma kwa chaneli moja, kwa hivyo hukata kasi karibu nusu. Sisemi hazifai popote. Zafaa kwenye nyumba ndogo, zikichomekwa katikati ya njia, mahali ambapo mtandao bado una nguvu. Si kwenye nyumba ya Mkomani.

Utaambiwa pia uchague bendi, yaani masafa ambayo ruta hutumia kurusha wimbi. Ni kweli, na lina maana yake. Gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na imejaa majirani. Ukiitumia, chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Gigahezi 5 ina kasi ila huishiwa nguvu upesi mbele ya ukuta. Lakini kubadilisha bendi peke yake hakukuniokoa, wala hakutakuokoa wewe mwenye kuta kama zangu.

Kilichoniokoa ni waya. Acha waya ubebe intaneti kupita ukuta, na wimbi lifanye kazi ndani ya chumba tu. Waya wa mtandao wa aina ya Cat6 hubeba hadi mita 100 bila kupoteza chochote cha kuhisiwa, na nyumba gani hapa ina mita 100? Mwisho wa waya unafunga kituo kidogo cha Wi-Fi, kimoja kwa kila ghorofa, na kila kimoja kinakuwa ndani ya chumba kile kile unachokitumia.

Hapa nakuomba unisikilize sana ewe mwenye nyumba ya kale: usikubali mtu aje na drili akatoboe kuta zako ovyo. Lipu ya chokaa huachia, na ukiziba tundu kwa saruji, unyevu hufungika ndani na jiwe huanza kuliwa. Waya wangu ulifuata uwazi wa ngazi, ukapita kwenye tundu la zamani la waya wa antena ya televisheni, na kwenye misana umepita juu, pembeni mwa boriti, ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki nilioupaka rangi ya chokaa. Mgeni haoni kitu. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kama unataka kugusa ukuta wa nje au kuweka kifaa kinachoonekana kutoka njiani, waulize kwanza watu wa Makumbusho ya Taifa. Si urasimu. Ni nyumba zetu wenyewe.

Nunua waya wa shaba tupu. Ziko za bei nafuu ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na kwa hewa hii ya chumvi ncha zake huoza upesi. Kama una ruta ya zamani kabatini usiitupe: izime kazi ya kugawa anwani, ile DHCP, chomeka waya kwenye tundu la LAN, la vifaa vya nyumbani, na si la WAN, la intaneti inayoingia, ipe jina na nywila ile ile ya ruta kubwa, lakini chaneli tofauti. Tayari una kituo cha ghorofa ya pili bila kutoa shilingi nyengine.

Paani nilitaka kwa moyo wote, kwa sababu jioni wakati wa kaskazi hakuna mahali pazuri zaidi pa kufanyia kazi. Huko weka kifaa kilichotengenezwa kukaa nje, ukifunge chini ya makuti, kisipigwe na mvua wala jua la moja kwa moja. Makuti makavu hayazuii wimbi kitu cha maana. Mabati huzuia, na tangi la maji lililojaa huzuia pia, kwa hivyo usikifiche nyuma ya tangi. Tangu Starlink ianze kuuza huduma Kenya, Julai 2023, wako wanaodhani dishi litamaliza habari hii. Dishi laleta intaneti hadi paani, lakini halijui kushuka ngazi. Shida ni ile ile, imegeuzwa kichwa chini tu.

Na umeme. Ukitumia vifaa vinavyopokea umeme kupitia waya ule ule wa mtandao, yaani PoE, betri moja ndogo iliyo chini karibu na ruta itawasha vituo vyote stima zikipotea. Mji ukiwa giza, mimi naendelea na mkutano wangu. Nasema hivi kwa fahari na sitaki kuficha: leo mwanangu anasoma chumba cha ndani kabisa, mimi niko juu, wageni wako paani, na kifurushi tumekirudisha kile kidogo cha mwanzo. Mafundi, mkiingia nyumba ya mtu, msipime mtandao kando ya ruta mkaondoka. Tembeeni vyumba vyote. Nanyi mnaolipa, msimlipe mtu mpaka mmepima wenyewe pale mnapokaa.

Sasa wewe mdogo wangu wa Malindi. Umesema nyumba yako ni ya matofali, ghorofa moja juu, na ruta iko sebuleni nyuma ya televisheni. Kuta zako za ndani ni nyepesi kuliko zangu, adui wako ni sakafu ya zege yenye nondo. Anza kwa lisilo na gharama: itoe ruta nyuma ya televisheni, ipandishe juu kabisa kwenye uwazi wa ngazi, mbali na friji na kioo kikubwa, kisha pima chumbani. Ukipata -67 au bora, umemaliza, usinunue kitu. Ukibaki -75 au chini ya hapo, vuta waya mmoja tu kwa njia ya ngazi na uweke kituo juu. Mwambie shemeji asifunge mizigo bado, na unitumie namba za kila chumba tuziangalie pamoja.