Ukuta wa mfalme na ukuta wa jela utaujuaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi natembeza wageni hapa Bagamoyo. Juzi tuliwapeleka wanafunzi Mombasa kuiona Ngome ya Yesu. Mmoja akauliza: kama Wareno, Waomani na Waingereza wote waliikalia, na mawe ni yaleyale ya matumbawe na chokaa ni ileile, wataalamu wamejuaje kipi ni cha nani? Nikababaika. Na hapa Ngome Kongwe huwa naulizwa hivyohivyo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata mimi nimewahi kubabaika, tena mbele ya mkuu wangu wa kazi.

Anzia chini. Ngome ile ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa ameshika na taji la Ureno. Mchora ramani alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Sehemu kubwa ya chini haikujengwa, ilichongwa: mwamba wa matumbawe ulikatwa ukageuka ukuta. Ukisimama kwenye handaki upande wa bara utaona jiwe moja likipanda bila ungio, halafu juu yake ndipo yanaanza mawe ya kupangwa. Mwamba uliochongwa haubishaniwi, ni wa mfalme.

Ubishi uko juu, na hapo fundi hutafuta ungio. Kuta mbili zikijengwa pamoja, mawe yake huingiana kama vidole vya mikono miwili. Ukuta uliokuja baadaye huegemea tu, na kati ya hizo mbili hubaki mstari wima ambao ncha ya kisu inapita. Unaoegemea ndio mdogo, hata kama umechakaa kuliko mwenzake. Waomani walioitwaa ngome Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696, waliongeza kuta kwenda juu, na baadaye ikajengwa nyumba juu ya mojawapo ya buruji, yaani zile pembe za ngome zilizochomoza nje. Mambo kama hayo husomwa kwenye maungio.

Lipu nayo inasema. Ya chokaa huacha unga kidoleni na hukwaruzika kwa ukucha. Ya saruji itakuvunja ukucha. Ukikuta saruji ujue mkono wa juzi umepita hapo, ingawa ukuta ulio nyuma yake unaweza kuwa wa zamani sana. (Usiwafundishe wageni kukwaruza, tafadhali. Kuta zetu zinatosha kwa majina ya wapenzi.)

Lakini shahidi mkubwa yuko chini ya sakafu. Chukua mfano wa nyumbani: ukivunja sakafu ukakuta chini yake sarafu ya shilingi 500 ya mwaka 2014, sakafu hiyo haikumwagwa kabla ya 2014. Ukikuta ya 1966 peke yake hujathibitisha kitu, maana huenda ilikaa kwenye kibubu cha bibi miaka arobaini. Kinachopima ni kile kipya kuliko vyote. Ndivyo mwanaakiolojia James Kirkman alivyofanya kazi Mombasa kuanzia 1958, kwa vigae vya kaure ya Kichina, shanga na vyungu, tabaka baada ya tabaka.

Mwaka huohuo wa 1958 ndipo jela ilipoondoka. Waingereza walikuwa wameifanya ngome gereza tangu 1895, yaani miaka 63. Ikatangazwa kuwa hifadhi, majengo mengi ya jela yakabomolewa ili ya zamani yaonekane, na makumbusho yakafunguliwa 1962, Kenya ikiwa bado haijapata uhuru. Leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mimi ubomoaji ule haujawahi kunikalia vizuri. Babu zetu waliofungwa mle ni historia vilevile, na ukiwatafuta ukutani leo utahangaika. Anayegeuza ngome kuwa makumbusho huchagua wafu wa kuwakumbuka.

Sasa Ngome Kongwe yetu. Usiwaambie wageni ni ya mfalme. Ilianza kama nyumba ya Mwarabu tajiri, Abdallah Marhabi, mnamo 1860. Sultani Barghash akaipanua, Wajerumani nao wakaitumia kijeshi. Kwa hiyo kabla hujawaeleza mizinga na askari, wapeleke chumbani uwaonyeshe upana wake. Chumba kilichoezekwa kwa boriti za mikoko hakizidi sana mita tatu, kwa sababu boriti hazivuki zaidi ya hapo. Huo ni upana wa sebule ya mtu. Kisha zunguka nao nje taratibu, mkono ukutani, mtafute mstari wima. Wakiuona wenyewe hawatakuuliza tena umejuaje.