Kuja Dar es Salaam na familia mwezi Desemba: chagua barabara kabla ya kuchagua nyumba ya wageni

Ndugu yangu, heshima kwako. Umeeleza kwamba mnatoka Njombe, wewe, mama yako mzazi na watoto wawili, na kwamba mtakuwa Dar es Salaam kwa siku sita katikati ya Desemba. Mama ana miadi ya siku mbili hospitali ya Muhimbili, watoto wanataka kuiona bahari, nawe unahitaji siku moja ya kununua bidhaa Kariakoo. Umeuliza mfikie wapi, mtembeeje mjini na mjihadhari na nini. Waliotangulia kukujibu wamekutajia majina ya nyumba za wageni, na sina shaka ni nyumba nzuri. Mimi nimeishi katika jiji hili tangu mwaka 2009, nilifika nikitoka Iringa nikiwa mgeni kama mtakavyokuwa ninyi, na naona lipo jambo linalotangulia jina la nyumba, nalo ni barabara ipi mtalala kandokando yake.

Jiji hili lina watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, lakini barabara kuu zinazoingia katikati ya mji ni nne. Ya Bagamoyo inaelekea kaskazini ikiifuata pwani, kupitia Mwenge, Mbezi Beach na Tegeta. Ya Morogoro inaelekea magharibi kupitia Magomeni, Ubungo na Kimara, na ndiyo mtakayoingia nayo mkitoka kwenu. Ya Nyerere, ambayo wakazi wa siku nyingi bado huiita ya Pugu, inakwenda uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, na ya Kilwa inashuka kusini hadi Mbagala. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, zote nne huwaleta watu mjini, na kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku huwarudisha makwao. Anayelala kwenye barabara moja huku shughuli yake iko kwenye nyingine hulazimika kukata kwa Mandela au Sam Nujoma, ambako malori ya bandarini na magari ya abiria hukutana. Ndiyo maana ukimuuliza mwenyeji kama mahali fulani ni mbali, naye atakuuliza kwanza unakwenda saa ngapi.

Somo hili nililipata kwa kumtesa mtu ninayempenda. Mwaka 2012 nilimpokea shangazi yangu aliyekuja kutibiwa, nikamtafutia chumba Mbezi Beach kwa sababu palikuwa na utulivu na upepo wa bahari, na nilidhani mgonjwa angepumzika vizuri. Miadi yake ilikuwa saa mbili asubuhi. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, tukafika hospitali saa tatu na nusu, namba yake ikiwa imekwishapita, tukakaa kwenye benchi hadi saa nane mchana. Jioni tulirudi kwa mwendo uleule wa kusimama na kujivuta, mguu wake ukiwa umevimba. Usiku ule nilihamisha mizigo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mlale Upanga, au upande wa Kariakoo unaopakana na Upanga karibu na kituo cha Fire. Mama atafika Muhimbili kwa bajaji kwa muda mfupi hata asubuhi ya foleni, nawe Kariakoo utakwenda na kurudi kwa urahisi, ikiwezekana hata kwa miguu. Vyumba vya huko huenda visiwe na mandhari ya kupendeza, na makelele ya mjini huanza mapema, lakini mtu aliyekuja kwa daktari hana sababu ya kuilipia bahari kwa saa tatu za barabarani kila siku. Angekuwa anakuja kwa shughuli za Chuo Kikuu ningemwambia Sinza au Mwenge. Angekuwa anakuja kwa ajili ya bahari peke yake ningemwelekeza Kunduchi au Kigamboni.

Kulala katikati ya mji kuna faida nyingine ambayo wageni wengi hawaioni mapema. Siku ya kuwapeleka watoto pwani ya kaskazini mtatoka mjini asubuhi, wakati magari mengi yanaingia, na mtarudi jioni wakati magari mengi yanatoka. Safari zote mbili mtakuwa mnakwenda kinyume cha foleni. Hamtaiepuka kabisa, kwa maana kwenye makutano makubwa askari wa usalama barabarani anaweza kuuzuia upande wenu kwa muda mrefu ili kuufungulia ule uliojaa, lakini tofauti ni kubwa.

Sasa bahari yenyewe. Kwa mtu wa nyanda za juu naomba nilieleze hili polepole, kwa kuwa ndilo linaloharibu siku za wengi na wakati mwingine huleta msiba. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na ushei, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti ya kina katika pwani yetu inaweza kukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hupungua. Mgeni akifika Coco Beach maji yakiwa yamepwa siku ya bamvua atakuta mawe makali na majani ya bahari, si mahali pa kuogelea, na atarudi akisema pwani ya Dar es Salaam haina maana. Akifika saa sita baadaye atakuta mawimbi yanapiga pale alipokuwa amesimama.

Nilishuhudia hatari yake nikiwa na mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka tisa. Maji yalikuwa yamepwa, akatembea mbali juu ya mawe akiokota kombe, nami nikawa nazungumza na watu nikiwa nimempa kisogo. Maji yanaporudi hayaji kwa mstari mmoja kutoka baharini. Hujaza kwanza mikondo iliyo katikati ya mawe na ufuo. Nilipogeuka, alikuwa amesimama pakavu na kati yetu palikuwa na maji ya kufika kifuani kwake. Mvuvi mmoja alimfuata na kumbeba begani. Tafadhali, watoto wako wawe mbele ya macho yako wakati wote, na kabla ya kuchagua siku ya pwani uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi, au tazama jedwali la maji kwenye simu. Siku nzuri kwa watoto ni ile ambayo maji yanajaa kati ya saa nne na saa saba mchana, mkaoga wakati yanapanda, mkatoka yanapoanza kushuka.

Mkitaka mchanga mweupe na maji masafi, kisiwa cha Mbudya ndicho ningekichagua. Boti huondokea Kunduchi, na kisiwa ni sehemu ya hifadhi ya bahari pamoja na Bongoyo, hivyo kuna kiingilio cha hifadhi kando ya nauli ya boti. Ulizeni gharama zote mbili kabla ya kupanda, msikubali boti isiyo na majaketi okozi ya ukubwa wa watoto, na mrudi kabla upepo wa kaskazi haujachangamka alasiri. Mama, kama hajazoea chombo cha majini, abaki bara. Hata kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni kinatosha kuwapa watoto raha ya kupanda meli, bila kuchukua siku nzima.

Kuhusu joto, Desemba hadi Machi ndiyo miezi mikali zaidi. Nyuzijoto hufika 32 mchana, lakini kinachowachosha watu wa kwetu ni unyevu wa hewani: jasho halikauki, na usiku hauleti ubaridi mliouzoea. Kwa mzee ningelipia kiyoyozi bila kujadiliana. Mama anywe maji kabla ya kuhisi kiu, na kama anatumia dawa za presha, hasa zinazoongeza mkojo, mumweleze daktari kwamba ametoka kwenye baridi. Mvua za vuli huweza kuendelea hadi Desemba. Ikinyesha sana, bonde la mto Msimbazi eneo la Jangwani hufurika na Barabara ya Morogoro huweza kufungwa pale, kwa hiyo usiku wa mvua kubwa sikiliza taarifa kabla ya kupanga njia ya kesho.

Mbu wa hapa ni wa aina mbili za hatari. Anayeeneza malaria huuma usiku, na chandarua ndiyo kinga. Anayeeneza homa ya dengu huuma mchana, na kwake chandarua hakisaidii, bali nguo za mikono mirefu na dawa ya kupaka. Nakumbuka mlipuko wa dengu wa mwaka 2019, ambao ulinilaza siku nane mifupa ikiuma kana kwamba nimepigwa. Kwa homa yoyote ambayo hamjaipima msinywe aspirini wala dawa za jamii ya diklofenaki, kwa sababu zikikutana na dengu huongeza hatari ya kutokwa damu. Zaidi ya hayo, watoto waliokulia penye mbu wachache hawana kinga ya malaria kama wenzao wa pwani. Vimelea huchukua siku saba au zaidi kabla ya kuonyesha dalili, kwa hiyo homa inaweza kuwapata mkiwa mmekwisharudi Njombe. Hapo mpeleke mtoto akapimwe siku hiyohiyo, na umwambie mganga kwamba mlikuwa Dar es Salaam.

Kariakoo nenda peke yako, asubuhi, ukiwaacha mama na watoto wamepumzika. Zunguka kwanza uulize bei katika maduka matatu au manne bila kununua, kwa sababu bidhaa ileile hutofautiana bei mtaa hadi mtaa, na duka la jumla huwa limejificha ghorofani juu ya yule anayekuuzia rejareja. Usimfuate mtu anayekuambia mzigo uko stoo mtaa wa pili. Fedha nyingi iache kwenye simu na ulipie dukani, ukisoma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Na ujumbe wowote unaosema “ile hela tuma kwenye namba hii” ufute. Simu usiishike mkononi kando ya barabara wala dirishani mwa daladala, na begi libebe upande wa ukutani, kwa maana vibaka wa pikipiki hunyakua wakiwa mwendoni. Lifti ya gari dogo lenye abiria wawili wakarimu usiipande hata kama umechoka. Jirani yangu aliipanda na akazungushwa kwenye mashine za benki hadi akaunti ikaisha. Beba kikapu au mfuko wa kitambaa, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kwa kutembea mjini, mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Morogoro, yaliyoanza mwaka 2016, hupita njia yake yenyewe na kwa hiyo huishinda foleni, ila asubuhi na jioni hujaa kiasi ambacho mama hapaswi kukipitia. Daladala ni rahisi na nauli zake hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Soma ubao wa mbele unaoonyesha mwanzo na mwisho wa safari, na umwombe konda akukumbushe kituo. Bajaji mkubaliane bei kabla ya kukaa. Msipige picha Ikulu, bandarini wala penye kambi za jeshi.

Mkipata nusu siku iliyobaki, wapelekeni watoto Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wakaone mabaki ya binadamu wa kale wa Olduvai. Pako karibu na mtakapolala.

La mwisho ni kufika na kuondoka. Basi lenu litaishia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, ambacho kiko mbali na Upanga. Baadhi ya kampuni huendelea hadi kwenye ofisi zao za Shekilango, basi uliza unapokata tiketi. Ipo njia nyingine niliyoitumia mara mbili na kuipenda: shuka Msamvu, Morogoro, uende stesheni ya treni ya umeme ya SGR, ambayo haiko hapo stendi, umalizie safari kwa reli hadi katikati ya Dar es Salaam. Treni hiyo ilianza mwaka 2024 na inaziruka foleni za Chalinze hadi Kibaha, lakini kata tiketi mapema ukiwa na vitambulisho, na uache saa mbili za tahadhari kati ya basi na treni. Tiketi za kurudi zikate kabla hamjaondoka Njombe, kwa sababu kuanzia tarehe 18 Desemba hivi watu wa mikoani huanza kuondoka kwa ajili ya sikukuu, mabasi hujaa, na walanguzi hujitokeza stendi. Ukinijulisha tarehe kamili za miadi ya mama nitakutazamia jedwali la maji nikuambie siku ipi iwe ya bahari.