Gamondi alionewa au la?

SWALI: Kaka mhariri, hivi kocha Gamondi, Yanga walimtendea haki kweli? Jamaa kabeba ubingwa 2023/24, kafika robo fainali Afrika, halafu Novemba 2024 kafungwa na Azam na Tabora United tu, huyooo, kwaheri. Mwananchi, Temeke.

JIBU: Walimwonea bwana, mi nasema wazi. Ile robo fainali na Mamelodi Sundowns goli la Aziz Ki likakataliwa, wakatolewa kwa penati, hapo kocha ana kosa gani? Na wachambuzi wetu nao, mh, wanamsifia mtu leo kesho wanamgeuka. Utasema mbona ubingwa ulirudi 2024/25, sawa, ila Ramovic aliyemrithi alikaa kidogo akaenda zake Algeria, akaja Hamdi ndo akamalizia, yaani makocha watatu msimu mmoja halafu mtu anakwambia ulikuwa mpango!