Punguza Data Zako Kabla Hazijaombwa

Serikali inayotaka kujua habari zako mara nyingi haina haja ya kuigusa simu yako. Inaiandikia kampuni inayokuhifadhia akaunti. Amri ikiwa halali, kampuni hufungua ghala na kutoa kilichomo, na huenda wewe usijulishwe kabisa, kwa kuwa amri nyingine huja pamoja na katazo la kukuambia. Ikifika hapo, mabishano ni ya mawakili. Kazi ya mwenye akaunti ni ya mapema zaidi: kuhakikisha ghala lina vitu vichache.

Mwaka 2016 waendesha mashtaka wa Marekani waliitaka Signal, programu ya kutumiana ujumbe, itoe taarifa ilizokuwa nazo kuhusu namba mbili za simu. Moja haikuwa na akaunti. Kwa ile ya pili, Signal ilitoa tarehe ya kufunguliwa akaunti na tarehe ya mwisho kuunganishwa na seva, basi. Haikukaidi amri; haikuwa imehifadhi kingine. Mitandao mikubwa ya kijamii haiko hivyo, na hupaswi kukisia ina nini juu yako wakati unaweza kuona mwenyewe.

Kwa hiyo anza kwa kupakua data zako. Kwenye Facebook na Instagram nenda Mipangilio, kisha Kituo cha Akaunti, kisha sehemu ya taarifa na ruhusa zako. Chagua HTML, aina ya faili inayofunguka kwenye kivinjari, ili uweze kusoma, na uangalie tarehe: usipochagua muda wote unaweza kupewa kipande tu. Kiungo cha kupakulia hudumu siku chache. Ukishapata faili, usikimbilie picha. Soma kumbukumbu za kuingia, zenye anwani za IP (namba zinazotambulisha muunganisho wako wa intaneti) na saa, orodha ya vifaa, ulichotafuta, namba za watu zilizopakiwa kutoka simu yako, na orodha ya tovuti na programu zilizopeleka habari zako huko. Ukimaliza, lifute faili hilo au lihifadhi mahali palipofungwa kwa nywila. Ni maisha yako yote kwenye folda moja.

Orodha ya namba za simu ndiyo inayostahili muda wako mwingi, kwa sababu inafichua na wengine. Aprili 2021 data za watumiaji milioni 533 wa Facebook zilisambazwa bure mtandaoni. Hakuna aliyevunja seva. Wakusanyaji walitumia zana ya kutafuta marafiki kwa namba za simu: walipakia namba nyingi kwa mafungu, mfumo ukawarudishia akaunti za wenye namba hizo. Zima upakiaji kwanza katika kila programu (Facebook, Messenger na Instagram zina mipangilio tofauti), kisha ondoa ruhusa ya kusoma namba kwenye simu yenyewe, ndipo ufute zilizokwisha kupakiwa. Ukianza na kufuta, simu itazipakia upya zitakaposawazishwa tena. Halafu tafuta mpangilio wa nani anaweza kukupata kwa namba yako ya simu na uweke "Mimi pekee". Namba yako iliyomo kwenye simu za wengine huwezi kuifuta kwa njia hii. Waombe walio karibu nawe wafanye hivyo hivyo.

Namba ya simu ni hatari kuliko jina, kwani majina hufanana na namba haifanani. Mwaka 2022 Twitter ilikubali kulipa dola milioni 150 Marekani kwa kutumia kwenye matangazo namba na barua pepe ambazo watu walizitoa kwa ajili ya usalama. Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila pamoja na msimbo, ni wa lazima, ila tumia programu ya kuzalisha misimbo badala ya SMS. Andika misimbo ya akiba kwenye karatasi kabla ya kuondoa namba. Wanaosahau hilo hujifungia nje ya akaunti zao.

Kuna njia nyingine isiyopita mahakamani: kununua. Baadhi ya programu za hali ya hewa, michezo na tochi huuza mahali ulipo kwa madalali wa data, kampuni zinazokusanya na kuuza habari za watu, na madalali huwauzia hata mashirika ya serikali. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliamua mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, kwamba kwa kawaida polisi wanahitaji hati ya mahakama kupata historia ya mahali pa mtu kutoka kampuni ya simu. Hata hivyo mashirika ya nchi hiyo yaliendelea kununua data za mahali kutoka kwa madalali. Kinachounganisha vipande hivyo ni kitambulisho cha matangazo, namba ya simu yako inayotumiwa na watangazaji kukutambua. Kwenye Android, ingia sehemu ya matangazo katika mipangilio ya faragha na ukifute. Kwenye iPhone, zima ruhusa ya programu kuomba kukufuatilia. Kisha pitia programu moja moja: ruhusa ya mahali iwe "wakati wa kutumia tu", na isiyohitaji mtaa wako ipewe mahali pa kukadiria.

Kwenye Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, kuna pia shughuli zako za nje ya mitandao yake: habari ambazo tovuti na programu nyingine huipelekea kukuhusu. Kufuta za nyuma peke yake hakutoshi. Tenganisha na zijazo. Ujue matokeo yake: hutaweza kuingia kwenye tovuti nyingine kwa akaunti ya Facebook, hivyo weka kwanza barua pepe na nywila huko. Meta itaendelea kupokea habari hizo, ila haitaziambatanisha na akaunti yako.

Upande wa ujumbe, WhatsApp husimba mazungumzo mwisho hadi mwisho tangu 2016, yaani wanaoongea tu ndio wanaoweza kuyasoma, lakini nakala rudufu iliyo kwenye wingu haina ulinzi huo mpaka uuwashe mwenyewe. Washa, uchague nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ukiupoteza, hakuna wa kukurudishia nakala hiyo. Kumbuka pia nakala ya unayeongea naye: kama yake iko wazi, maneno yako yako wazi. Telegram huwadanganya wengi kwa sifa yake, kwani mazungumzo ya kawaida huko hayasimbwi mwisho hadi mwisho. Ni yale ya siri tu. Hata kwenye usimbaji kamili, kampuni inaweza kujua unaongea na nani na saa ngapi, na mara nyingi mpelelezi anatosheka na hayo.

VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, huficha IP yako. Ukiingia kwa jina lako, mtandao unakujua vilevile.

Mwisho ni kufuta akaunti yenyewe. Kuisimamisha si kuifuta. Facebook hukupa siku 30 za kughairi, na ukiingia katika siku hizo unaweza kubatilisha ombi. Usafishaji wa data zote unaweza kuchukua hadi siku 90 tangu ufutaji uanze. Sheria ya Marekani inaruhusu serikali kuitaka kampuni itunze data za akaunti kwa siku 90, na kuongeza 90 nyingine, wakati amri ikitafutwa. Nakala hiyo haiguswi na ufutaji wako. Kama tayari unajua unachunguzwa, usifute chochote kabla ya kuongea na wakili, kwa sababu kufuta kunaweza kuwa kosa la kuharibu ushahidi.

Ukibadilisha simu, rudia ukaguzi wa namba na mahali siku hiyohiyo. Programu mpya huomba ruhusa upya, na wengi hubonyeza "Ruhusu" wakiwa na haraka ya kurudisha mazungumzo yao.