Barua kwa mwanangu: umeuliza nitarudi lini

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili baba yako akiwa ametoka. Umeuliza: "Mama, daktari mwenyewe alisema uvimbe wote wametoa. Sasa kemo ya nini tena, na mionzi juu yake? Na lini utarudi kuwa mama tuliyemzoea?" Nikaona simu haitatosha. Kwenye simu nitasema "sijambo," nawe utasema "haya mama," na hapo tutakuwa tumedanganyana.

Najua unaona haya kuzungumza nami habari za hii saratani ya kizazi. Hata mimi naona haya. Lakini wewe ulikaa humo miezi tisa, si nyumba ngeni kwako. Acha niseme wazi.

Walichotoa ni mfuko wa uzazi pamoja na mlango wake, mirija yote miwili, ovari zote mbili, na baadhi ya tezi za limfu, vile vifundo vidogo vinavyochuja maji ya mwili, za ndani ya nyonga. Daktari aliposema ametoa uvimbe wote hakusema uongo, alisema alichokiona kwa macho. Baada ya pale vyote vilipelekwa maabara, vikakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, na huko ndiko kulikotoka majibu yenyewe. Yalikuwa mawili. Saratani ilikuwa imeingia zaidi ya nusu ya unene wa msuli wa kizazi, na tezi moja ilikutwa na seli zake. Tezi ile imeshatoka, sawa, lakini maana yake ni kwamba seli zilikwishaijua njia ya kutokea nje ya kizazi. Ndiyo sababu wanaiita hatua ya tatu.

Kama kuna nyingine zilizopita, hakuna anayeweza kuziona. Vipimo vya picha haviwezi kuonyesha kitu kisichofika milimita chache, na kitu cha ukubwa huo kina mamilioni ya seli. Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, hupita na damu mwili mzima. Mionzi huelekezwa nyonga, mahali ambapo ugonjwa huu huweza kuanza tena. Kwa hiyo si kwamba wameona kitu wakanificha. Wanataka kupunguza uwezekano wa kurudi, na neno ni kupunguza. Hakuna aliyeniahidi zaidi ya hapo. Nilimuuliza daktari, "Na nisipokubali?" Akanieleza bila kunitisha, nikaenda nyumbani nikalala na hilo jambo siku kadhaa, kisha nikasaini mwenyewe. Usiwapigie shangazi zako kuwauliza nani kanishawishi.

Sasa hilo la kurudi.

Mshono wa nje umefunga vizuri, na umewadanganya wote wanaouona, wewe ukiwa mmoja wao. Kuna mshono mwingine ndani, juu ya uke, pale palipokuwa na mlango wa kizazi. Huo hauonekani, nao unahitaji wiki sita hadi nane, wengine zaidi, kabla ya kukaza. Mtu akinyanyua ndoo au akakamua choo kigumu, mzigo wote unaishia pale. Nikikuomba uninyanyulie mtungi mbele ya wageni, sidekezi. Na zile dawa za kulainisha choo ulizozicheka mezani, afadhali nikose za maumivu kuliko zile, kwa sababu hizo za maumivu zenyewe ndizo zinazofunga tumbo.

Zile sindano za tumboni ulizoshindwa kuzitazama zilikuwa za kuzuia damu isigande. Upasuaji mkubwa wa nyonga, saratani yenyewe na kulala muda mrefu, vyote vitatu huigandisha damu miguuni. Sindano zimekwisha, hatari imepungua ila haijaondoka, na kemo nayo huiongeza. Nikisema shavu la mguu mmoja linauma na limevimba, au pumzi imekata ghafla, usinikandie wala usinipe maji. Twende hospitali saa hiyo hiyo. Nikitokwa na damu nyingi, au majimaji yenye harufu mbaya, ni hivyo hivyo.

Kuna uvimbe mwingine wa mguu, huo huja polepole, hata baada ya miaka. Tezi zikishatolewa, maji ya limfu hupoteza njia. Wameniambia nitunze ngozi ya miguu, nisikae na kidonda bila kukisafisha, na mguu ukianza kuwa mzito niwaambie mapema badala ya kununua viatu vikubwa.

Na joto. Umeniuliza mbona nafungua madirisha usiku wa baridi. Mwanangu, nilikuwa bado naona siku zangu. Wanawake wengine hufikia ukomo wa hedhi kidogo kidogo, kwa miaka, mwili ukizoea. Mimi ovari zilitoka asubuhi, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeingia huko. Jasho, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, machozi bila sababu. Mifupa nayo hupungua nguvu, ndiyo maana natembea kila jioni hata nisipotaka. Kuna dawa za homoni, wengine huruhusiwa na wengine hapana kulingana na saratani waliyokuwa nayo. Mimi wamenikataza. Tafadhali mwambie dada yako asiniletee zile za mitishamba alizosoma mahali, kwa sababu baadhi ya mimea hufanya kazi kama homoni na hakuna anayejua kipimo chake.

Lakini si joto linaloniliza. Nilikwisha kuzaa, sikuwa na mpango wa mtoto mwingine, na bado nimekililia kile kizazi. Watu husema, "Mshukuru Mungu una watoto wako." Namshukuru. Kushukuru na kulia vinakaa pamoja kwenye moyo mmoja, sijui kwa nini wanadhani lazima kimoja kimfukuze mwenzake.

Kemo ni mizunguko sita, kila baada ya wiki tatu, dawa mbili kwa dripu: paklitaseli na kaboplatini. Wa kwanza umepita. Siku ile yenyewe si mbaya, maana wanakupa dawa za kuzuia kutapika na nyingine inayokufanya usilale usiku kucha ukipanga kabati. Ni siku ya pili hadi ya tano hivi ndipo viungo vinauma kama vya mwenye malaria. Nywele zimeanza kutoka, umeziona kwenye picha ndiyo ukaogopa. Zitaota. Ninachokiangalia mimi ni vidole. Vikifa ganzi nikashindwa kufunga vifungo, lazima nimwambie daktari kabla ya dripu inayofuata, kwa sababu anaweza kupunguza kipimo, na ganzi nyingine ikishakaa haiondoki. Kunyamaza ili uonekane hodari ni ujinga, na kwenye kemo ni ujinga wenye gharama.

La kukariri ni hili moja: homa. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi, chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka, mwili hauna askari. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38, au nikitetemeka hata kama hakijafika, ni hospitali, hata ikiwa saa nane usiku. Usinipe panadol kwanza "tuone." Panadol itashusha homa na kuficha ugonjwa. Ukifika waambie mlangoni kabisa, "Yuko kwenye kemo, ana homa," usikae kwenye foleni.

Mionzi itafuata baadaye, siku tano kwa wiki kwa wiki kama tano. Kila mara ni dakika chache, hakuna maumivu. Watanichora nukta ndogo kwenye ngozi ili walenge pale pale kila siku, na nitakunywa maji kibofu kijae ili utumbo usogee kando. Kuharisha na kukojoa mara kwa mara huja, na uchovu unaozidi kadiri wiki zinavyokwenda. Mke wako aliuliza kama mtoto anaweza kunikaribia. Anaweza. Hii mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini, mleteni nimpakate, ila mnikabidhi nikiwa nimekaa.

Hili linalofuata ukiona aibu liruke, ila ipo siku waweza kumuuguza mkeo ukanikumbuka. Mambo ya unyumba husubiri mpaka daktari akague ule mshono wa ndani. Hata baada ya hapo kuna ukavu, kuna woga, na mionzi hubana njia isipotunzwa. Kuna vifaa maalum na mafuta ya kusaidia, na muuguzi huvieleza bila kucheka. Baba yako alikaa kimya akidhani ananiheshimu. Mimi nikadhani hanitaki tena. Tumeshazungumza.

Na hili usiliruke. Saratani ya kizazi ikimpata mtu kabla ya miaka 50, madaktari hutaka kujua kama imetokana na hitilafu ya kurithi iitwayo sindromu ya Lynch. Kipande cha uvimbe wangu kimepelekwa kupimwa, majibu bado. Ikiwa ndiyo, kila mtoto wangu ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, na haijali mwanamke wala mwanamume. Kwa mwanamume humwongezea hatari ya saratani ya utumbo mpana. Si hukumu, kwa sababu anayejulikana anayo huchunguzwa utumbo kwa kamera mara kwa mara, na vivimbe hutolewa kabla havijageuka. Kumbuka babu yako alikufa kwa "tumbo," na hakuna aliyeuliza tumbo gani. Nitakapokuambia nenda kapime, usinijibu kwamba uko mzima.

Kwa hiyo lini? Sijapewa tarehe, na nakuomba uache kuisubiri. Yule mama mliyemzoea alikuwa halali mchana, hasahau jina la jirani, haombi kusaidiwa kuinuka. Huyu wa sasa anafanya hayo yote, na ndiye anayehitaji mwana. Kila ukisema "utarudi tu mama," naona kana kwamba niliye hapa nimekaa tu mahali pa mtu.

Unataka kunisaidia: usiniulize "unahitaji nini," maana nitasema sihitaji kitu. Sema "nakuja Jumamosi kufua." Tafuta daftari, tuandike maswali ya kumuuliza daktari, kwa sababu nikikaa mbele yake akili hutawanyika nikakumbuka yote njiani kurudi. Kabla ya kila dripu hupimwa damu, na chembe zikiwa chini huahirisha. Siku hiyo usinifariji sana, nitakuwa na hasira na itapita. Baba yako naye mtoe nje kidogo. Hajatoka na rafiki zake tangu nilazwe na hatakuambia.

Dripu ya pili ni wiki ijayo. Ukiweza kuwepo, vaa sweta, kile chumba kina baridi. Na ukinipigia, piga asubuhi, mchana huwa nimelala.

Mama yako