Kubadili anwani za kurasa bila kushuka kwenye Google

Mvua zikikolea huku Nyanda za Juu Kusini, wenye loji na kampuni za utalii huanza kunipigia. Wageni wamepungua, muda upo, sasa wanataka tovuti ifumuliwe. Wakati wenyewe wameupatia. Hifadhi ya Ruaha hujaa wageni kuanzia Juni hadi Oktoba, na Google wanashauri kazi ya kuhamisha kurasa ifanyike wakati watembeleaji ni wachache. Anayebadili anwani mwezi Julai amejitafutia presha.

Hata hivyo, kabla sijagusa kitu huwa nauliza: kwani lazima? Wengi wameambiwa na mtu kwamba ukichomeka "safari" na "ruaha" kwenye anwani utapanda. Google wameshasema mara nyingi kwamba maneno yaliyomo kwenye anwani yana uzito mdogo sana. Kama /huduma_zetu inashika nafasi nzuri, iache hivyo hivyo na huo mstari wake wa chini. Sababu za maana zipo: unahamia kikoa kingine (yaani jina kuu la tovuti, kama mfano.co.tz), unatoka http kwenda https iliyo salama, unabadili mfumo mzima, au umerithi anwani za aina ya /index.php?id=43 ambazo hata wewe mwenyewe hujui ni za nini. Hapo sawa, tuingie kazini.

Na kazi yenyewe ni orodha. Fungua Excel, weka safu mbili: anwani ya zamani, anwani mpya. Usiijaze safu ya kwanza kwa kuangalia menyu ya tovuti, maana menyu inaonyesha unachotaka watu waone, siyo wanachokitafuta. Chukua kurasa kwenye Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti, ambayo inatunza takwimu za utafutaji za miezi 16, uongeze ripoti yake ya linki zinazotoka tovuti nyingine, kisha ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zako. Kuna loji moja ya upande wa Iringa niliwahi kuipangia orodha hii. Mwenyewe aliamini wageni wanaingilia ukurasa wa mbele wenye picha ya simba. Kumbe waliokuwa wanatoka Google walikuwa wanatua kwenye ukurasa wa siku nyingi unaoeleza namna ya kufika hifadhini kutoka Iringa mjini kupitia Tungamalenga: hali ya barabara, wapi pa kujaza mafuta. Kwenye menyu haukuwepo tena, na kwenye tovuti mpya haukuwa umepangiwa nafasi. "Huo si wa zamani? Futa tu," aliniambia. Tulibishana kidogo, ukabaki.

Ukishakuwa na safu ya kwanza, kila anwani ipeleke kwenye ukurasa mpya unaozungumzia jambo lile lile. Moja kwa moja, mstari kwa mstari. Inachosha, najua, ndiyo maana mafundi wengi wanakata kona kwa kuandika kanuni moja tu inayotupa kila kitu kwenye ukurasa wa mbele. Hapo ndipo nafasi zinapopotea. Google ikiona kurasa nyingi zisizohusiana zinaelekezwa mahali pamoja, inazihesabu kama kurasa zisizopatikana. Na mtu aliyekuwa anatafuta maua ya Hifadhi ya Kitulo, ukimtupa kwenye ukurasa wa mbele, anarudi alikotoka. Ukurasa usio na mrithi kabisa, tuseme bei za mwaka 2019, uache utoe 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupo. Si dhambi.

Kwenye seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti yako, elekezo (amri ya kumtoa mgeni anwani ya zamani kwenda mpya) liwe la kudumu, yaani 301. Lile la 302 ni la muda, linaiambia Google kwamba anwani ya zamani itarudi. Seva nyingi za bei nafuu tunazokodi zinatumia programu ya Apache au mfumo unaosoma faili lile lile la mipangilio, .htaccess, na mstari mmoja unatosha:

Redirect 301 /kitulo-maua /hifadhi/kitulo

Angalia herufi kubwa na ndogo, kwa sababu kwenye seva za Linux /Kitulo na /kitulo ni vitu viwili. Zile anwani zenye alama ya kuuliza, mstari huu hauzikamati. Zinahitaji kanuni za RewriteCond, amri nyingine za faili hilo hilo zinazoweza kusoma sehemu iliyo baada ya alama hiyo. Wa WordPress mna nafuu kidogo: ukibadili anwani ya makala iliyokwisha chapishwa, mfumo wenyewe unaikumbuka ya zamani na kuelekeza. Lakini hilo ni kwa makala. Kurasa za kudumu, kama "Kuhusu sisi", haziko kwenye mpango huo. Weka plagini (programu-nyongeza) ya Redirection uzisajili mwenyewe.

Nina mazoea ya kujaribu kwa 302 kwanza, kisha nabadili kuwa 301 nikiridhika. Brauza inaikariri 301, hivyo ukikosea herufi moja, hata baada ya kurekebisha, simu yako itaendelea kukupeleka kulikokosewa na utadhani seva ina mashetani.

Epuka pia maelekezo ya mnyororo: mgeni anatumwa Uyole, Uyole wanamtuma Mafiati, Mafiati wanamtuma kwingine tena. Googlebot, roboti ya Google inayopitia kurasa, inavumilia hadi hatua 10, lakini usiifikishe huko. Kama tovuti imeshahama mara mbili, rekebisha maelekezo ya mwanzo yaende kwenye anwani ya sasa. Halafu pitia linki za ndani, lebo za kanoniko (zinazoiambia Google anwani ipi ndiyo rasmi) na ramani ya tovuti, zote zitaje anwani mpya. Picha na PDF za bei nazo zina anwani zake, usizisahau.

Unapobadili kikoa kizima, kuna zana ya kubadili anwani ndani ya Search Console. Kwa kurasa za ndani ya kikoa kile kile haina kazi. Na kikoa cha zamani endelea kukilipia. Kikiisha muda mtu atakinunua, na siku moja mteja wako wa miaka mingi atabonyeza linki ya kwenye grupu la WhatsApp akutane na mambo ya kubeti.

Wiki za mwanzo nafasi zitayumba. Tovuti ndogo huchukua wiki kadhaa kabla kurasa nyingi hazijahamia, kwa hiyo usianze kugeuza tena maelekezo siku ya nne kwa sababu umeshuka kidogo. Fungua ripoti ya kurasa kwenye Search Console kila baada ya siku chache, zisake 404 zinazoibuka, uziongeze kwenye orodha. Maelekezo yaache yasipungue mwaka mmoja. Mimi siyatoi kabisa, hayali nafasi yoyote ya maana. Vipeperushi vilivyoachwa mapokezi ya hoteli za Mbeya mjini bado vina anwani ya zamani, na hakuna atakayevikusanya.